Hamira, magadi na mkate wa ndizi wa Kitengela

Ukishuka matatu pale Kitengela na kufuata kwa miguu barabara kuu iendayo Namanga, hutaenda mbali kabla ya kuona karatasi iliyobandikwa dirishani au ubao ulioandikwa kwa chaki: banana bread. Ni kile kipande cha rangi ya kahawia, chenye ndizi zilizopondwa na njugu zilizotawanyika ndani, kinachouzwa kando ya chai. Muulize anayekiuza jina lake kwa Kiswahili, nawe utapata majibu matatu. Wa kwanza atasema ni keki ya ndizi. Wa pili atasema ni mkate wa ndizi. Wa tatu atacheka na kukuambia, "Si ni banana bread tu, Mwalimu!"

Wasomaji kadhaa wameniuliza ni nani kati ya hao watatu aliye sawa. Nitajibu, maana jibu si gumu. Ila ndani ya mkate huu mna swali jingine ambalo watu hawaliulizi, nalo ndilo lenye uzito: kile kitu kinachoufanya ufure hadi upasuke juu kinaitwaje? Hapo ndipo Kiswahili cha jikoni kimevurugika. Jambo linaloshangaza ni kwamba vurugu hizo zinatokea katika kaunti ya Kajiado, mahali ambapo maumbile yamemwaga ziwa zima la kitu hicho.

Tuanze na mkate. Wapo wanaoshikilia kwamba mkate lazima uwe wa ngano, uwe umekatwa vipande na kutiwa kwenye karatasi ya nailoni, kama ule wa dukani. Huo ni mkate wa juzi. Ngano yenyewe ni mgeni katika mashamba yetu. Lord Delamere alihangaika nayo kule Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, na kampuni ya kusaga ya Unga Limited ikaundwa mwaka 1908. Neno mkate lilikuwapo kabla ya hapo kwa muda mrefu. Wengi hulihusisha na kitenzi kata, na matumizi yake ya zamani yanalingana na dhana hiyo ya donge au bamba linalogawika. Waswahili wa pwani walikuwa na mkate wa mofa uliotengenezwa kwa unga wa mtama, mkate wa ufuta, na mkate wa kumimina unaopikwa kwa mchele uliosagwa na tui la nazi. Hata tumbaku iliyofinyangwa ikakauka iliitwa mkate wa tumbaku, na hakuna aliyeitia siagi.

Neno hili lilisafiri pia. Wakikuyu wanasema mũgate, Waganda omugaati, Wanyarwanda umugati. Ukifika Kinshasa ukaagiza mikate, utaletewa vidonge vya mviringo vilivyokaangwa katika mafuta, vitu ambavyo mtu wa Mombasa angeviweka karibu na kaimati. Kwa hiyo mkate haujawahi kufungwa na ngano, wala na umbo, wala na ukosefu wa sukari.

Hoja inayonitosheleza zaidi, hata hivyo, ni mkate wa mayai. Kule Lamu, Mombasa na Unguja, mayai hupigwa pamoja na sukari mpaka yawe povu jeupe, kisha hutiwa unga na iliki. Mchanganyiko humiminwa katika sufuria iliyopakwa samli na kupaliwa makaa, moto ukiwa chini na juu. Kinachotoka ni laini, kitamu na chenye mayai tele. Mzungu angekiita keki bila kusita. Wenye lugha wamekiita mkate, na wala hawakuona haja ya kuomba radhi. Ikiwa mkate wa mayai ni mkate, basi mkate wa ndizi ni mkate. Mwuzaji wa pili alikuwa sahihi. Yule wa kwanza hajakosea sana, kwa kuwa keki nalo ni neno letu sasa. Ila ningependa keki tuiachie harusi na siku za kuzaliwa.

Na njugu zilizomo? Hapo pia lugha imeshazoea kupokea wageni. Jina njugu linabebwa na njugu mawe, zao la Kiafrika. Pia linabebwa na njugu karanga, zao lililotoka Amerika Kusini na kuja huku baada ya Wareno kuanza kuzunguka baharini. Korosho nazo asili yake ni Brazili, na tunda lake ambalo sehemu nyingine za pwani huitwa kanju linabeba jina la Kireno mpaka leo. Makadamia ni wa karibuni kabisa. Mti huo uliletwa nchini kutoka Australia katika miaka ya 1940, na sasa umejaa Murang'a, Embu na Meru. Mama anayeoka Kitengela huchanganya hizi zote kulingana na bei ya wiki hiyo, na zote huziita njugu. Sioni ubaya.

Sasa tuje kwenye kufura. Kiswahili sanifu kina kitenzi kizuri mno kwa kazi hii: umuka. Unga umeumuka, maana yake umejaa hewa ndani na kupanda juu. Anayesababisha ameuumua. Vijana wa Kitengela husema "imefura", na siwalaumu, japo kufura kwaweza kuwa kwa jeraha au kwa hasira, ilhali kuumuka ni kwa unga. Kitu kinachoumua, tangu enzi za mababu, ni hamira. Neno hili limetoka katika Kiarabu, khamira, na limeacha kizazi jikoni: mahamri ni andazi lililotiwa hamira. Liko pia neno chachu, ambalo wafasiri wa Biblia walilichagua walipotaka kuzungumzia mikate ya Pasaka isiyotiwa kitu cha kuumulia. Hamira na chachu ni viumbe hai. Hula sukari iliyomo katika unga, hutoa hewa ya kaboni, na huhitaji muda na joto. Ndiyo sababu mama wa Mombasa hukanda unga wa mahamri jioni na kuufunika kwa kitambaa mpaka alfajiri.

Mkate wa ndizi hausubiri alfajiri. Unachanganywa sasa hivi na kuingia motoni sasa hivi. Hauna hamira hata chembe. Ufundi huu wa kuumua bila kiumbe hai una historia yake, na si ndefu. Waamerika wa mwishoni mwa karne ya 18 walikuwa wakichuja majivu ya kuni, wakichemsha maji yake hadi yakauke, na kutumia chumvichumvi iliyobaki kuumulia keki. Kitabu cha mapishi cha Amelia Simmons, kilichochapishwa Marekani mwaka 1796, kinaitaja chumvi hiyo. Msomaji kutoka magharibi mwa Kenya ameshatabasamu, maana hiyo ni jamaa ya karibu ya musherekha, chumvi ya majivu ambayo Waluhya huichuja na kuitia katika mrenda. Tofauti ni kwamba wao waliitia katika unga wa ngano, nasi tukaitia katika mboga.

Kisha wakaja wenye viwanda. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata njia ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida. Mwaka 1843 Mwingereza Alfred Bird, aliyekuwa na duka la dawa mjini Birmingham, alichanganya soda na kitu chenye uchachu ndani ya poda moja kavu, kwa sababu mke wake tumbo lilimkataza vitu vyenye hamira. Mwaka 1845 Henry Jones wa Bristol alipata hataza ya unga wa ngano uliokwisha kutiwa kiumulio, ule ambao dukani tunauita self-raising bila hata kujaribu kuutafsiri. Mwaka 1846 John Dwight na Austin Church wakaanza kuuza soda ya kuokea nchini Marekani. Ndizi ziliingia baadaye. Mapishi ya mkate wa ndizi yalienea katika vitabu vya Marekani katika miaka ya 1930, wakati uchumi ulipokuwa umeporomoka na hakuna aliyetaka kutupa ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Kwetu mkate huu haukuingia kwa kishindo kimoja. Ila mwaka 2020 ulipata msukumo ambao wengi tunaukumbuka. Shule zilifungwa mwezi Machi. Tarehe 6 Aprili serikali ikapiga marufuku kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, na ndani ya mipaka hiyo, upande wa Kajiado, zilitiwa Kitengela, Ngong, Kiserian na Ongata Rongai. Kwa miezi mitatu mji mzima wa wapangaji ulikaa nyumbani. Dunia nzima ilikuwa ikioka mkate wa ndizi wakati huo, na Kitengela haikubaki nyuma. Tofauti ni kwamba wenzetu ng'ambo walioka ili kuua muda, nasi wengi wetu tulioka ili kulipa kodi ya nyumba. Waliopoteza vibarua, hasa akina mama, walianza kwa sufuria moja juu ya nyingine, mchanga chini na makaa juu ya kifuniko. Ni ule ule ufundi wa kupalia wa pwani, bila wao kujua jina lake.

Mama mmoja wa kundi hilo, ambaye bado anaoka na ambaye mimi ni mteja wake, ndiye aliyenifungua macho kuhusu vurugu za majina. Alitumiwa maelezo ya mkate wa ndizi na jamaa yake, kwa Kiswahili safi, na ndani yake mlikuwa na mstari uliosema atie hamira kijiko kimoja cha chai. Naye alitii. Alinunua hamira, akaitia, akachanganya, akaweka motoni papo hapo kama alivyoagizwa. Kilichotoka, kwa maneno yake mwenyewe, "kilikuwa tofali, Mwalimu, hata kuku walikikataa." Unga, mayai, sukari na ndizi vya siku nzima vikaenda na maji. Aliyeandika maelezo yale alikuwa akikusudia soda ya kuokea, au pengine poda ya kuokea. Yeye aliandika hamira kwa sababu hakuwa na neno jingine.

Hili si kosa la mtu mmoja. Fungua mapishi ya Kiswahili yanayosambazwa kwa simu, nawe utaona vitu vitatu tofauti vimevikwa jina moja. Kuna kiumbe hai kinachohitaji saa kadhaa. Kuna soda tupu, ambayo haifanyi kazi bila kitu chenye uchachu, kama maziwa ya mala, ndimu au ndizi zilizoiva vizuri. Kuna poda iliyochanganywa tayari soda na uchachu wake. Anayevichanganya hivi hatatoka na mkate mbaya kidogo tu. Ama atatoka na tofali, ama atatoka na kitu chenye ladha ya sabuni.

Huku lugha ikiwa imeteleza hivyo, neno halisi la kuumulia bila hamira lilikuwa likitungoja upande wa kusini-magharibi mwa kaunti yetu, chini kabisa katika Bonde la Ufa. Naam, ni magadi.

Ziwa Magadi liko umbali wa kilomita mia moja na ushei kutoka Nairobi. Sehemu kubwa ya mwaka si ziwa la kupigia kasia. Ni uwanda wa ukoko mgumu, mweupe na mahali pengine mwekundu, unaong'aa juani hadi macho yauma. Chemchemi za moto zenye chumvichumvi hutiririkia humo, jua hukausha maji, na magadi hubaki. Kinachochimbwa bado huendelea kujijaza. Wamaasai huyaita emakat, na ziwa jingine dogo lililo ndani ya kreta ya Ngorongoro, Tanzania, hujulikana kwa majina yote mawili, Magadi na Makat. Mifugo huyapenda. Wavutaji ugoro huyachanganya na tumbaku. Na sokoni Kajiado, kama ilivyo katika masoko mengi ya bara, utayakuta yamepangwa kama vijiwe vya kijivu, yakiuzwa kwa wenye kupika githeri na maharagwe magumu. Kijiwe kidogo sufuriani, na mahindi yanalainika kabla mkaa haujakwisha. Wenye kuni chache wanajua thamani ya hilo.

Historia ya ziwa hili ni historia ya Kajiado yenyewe. Mwaka 1904 Waingereza waliwafanya Wamaasai wakubali mkataba uliowagawa kati ya Laikipia na nyanda za kusini. Mwaka 1911 wakawafanya wakubali mwingine, uliowaondoa Laikipia pia. Mwaka huohuo wa 1911 iliundwa Magadi Soda Company kuyachimba magadi, na reli ikatengwa kwa ajili yake: tawi linaloanza Konza, likapita katika nyika na kuteremka hadi ziwani. Mji wa Kajiado, ambao jina lake hutokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya mto mrefu, ni kituo kwenye reli hiyo ya magadi. Wenyeji walihamishwa kwa karatasi mwaka uleule ambao chumvi ya ardhi ile ilikuwa ikiandaliwa kupanda behewa. Kampuni yenyewe ilibadilisha mikono: ikaingia kwa Brunner Mond katika miaka ya 1920, baadaye ikawa chini ya ICI, na tangu 2005 imo mikononi mwa Tata ya India.

Sasa nipe dakika moja ya kemia, nami nitaifupisha. Magadi yanayotoka ziwani ni mchanganyiko wa vitu viwili vilivyoshikana: magadi makali, ambayo kiwandani ndiyo yanayotafutwa, na soda laini, ile ile inayouzwa dukani kwa waokaji. Soda laini ikipata joto au uchachu hutoa hewa ya kaboni, na hewa hiyo ndiyo inayoumua mkate. Wenye kiwanda hawaihitaji hewa hiyo. Magadi huokwa katika tanuri, na hapa natumia kitenzi oka kwa maana yake kamili, mpaka hewa yote itoke na kubaki magadi makali matupu, ambayo husafirishwa hadi Mombasa na ng'ambo kutengenezea vioo na sabuni. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja, kule Magadi hewa ya kuumulia mikate imekuwa ikipaa angani, na wanawake wa Kitengela wamekuwa wakinunua soda ya kuokea katika pakiti ndogo zenye maandishi ya Kiingereza. Sisemi kwamba kiwanda kina hatia hapo. Kioo ni biashara, na mkate wa ndizi wa miaka ya 1930 haukuwapo akilini mwa waliojenga reli. Lakini hilo linaeleza kwa nini neno halikufuata kitu. Magadi yalikwenda na behewa, na soda ikaturudia ikiwa na jina la kigeni.

Nilipomweleza yule mama haya, nilimpendekezea kwamba tuiite soda ya kuokea kwa jina la magadi ya kuokea, tulirudishe neno nyumbani. Alinitazama kwa muda. "Mwalimu," akasema, "mimi nikimtuma msichana dukani akaniletee magadi, ataniletea mawe ya githeri. Halafu wateja watakula nini?"

Hoja yake ni nzito kuliko inavyosikika. Magadi ghafi ya sokoni si safi. Soda laini imo, lakini imebanwa na magadi makali, hivyo mkate hugeuka rangi ya kutu na kuwa na ladha ya sabuni. Zaidi ya hapo, magadi ya Bonde la Ufa hubeba floridi. Watafiti waliochunguza magadi kaskazini mwa Tanzania waliyahusisha na meno yenye madoa ya kahawia miongoni mwa watoto, hata mahali ambapo maji ya kunywa hayakuwa na floridi nyingi. Nasi wa Kajiado hatuhitaji kuelezwa madoa hayo ni yapi. Visima vyetu vingi vina floridi, na tabasamu zetu zinashuhudia. Kumwongezea mtoto anayekunywa maji hayo mkate uliotiwa kijiwe cha magadi ni kumzidishia mzigo uleule.

Upande wa Tanzania hali si tofauti sana, na pengine ni ya hatari zaidi. Huko jina magadi soda limeenea, na watu hulitumia kwa soda ya kuokea, kwa magadi ya kufulia na hata na watengenezaji wa sabuni wanaposhughulika na chumvi kali zaidi. Jina moja linatembea kutoka kwenye bakuli la keki hadi kwenye pipa la sabuni. Mtu anayesoma maelezo ya kuoka yenye maneno hayo, akiwa katika mji ambao duka lake huuza aina ya pili tu, ana haki ya kupotea.

Msimamo wangu basi ni huu, na nauandika nikijua kuna walimu wenzangu watakaounyoosha kidole. Hamira ibaki kuwa hamira, kiumbe hai, cha mahamri na mikate ya boflo na kaimati. Magadi yabaki kuwa yale ya ziwani, ya githeri na ugoro, na anayeyatumia ajue yalivyo. Ile ya pakiti tuiite soda ya kuokea, kwa maneno yote matatu. Ukiandika soda peke yake, mtoto wa Kenya atakuletea chupa baridi ya rangi ya machungwa. Nayo poda iliyochanganywa tayari iitwe poda ya kuumulia, kwa kuwa kuumua ndiyo kazi yake na kitenzi tunacho. Neno kiumulio, ambalo nimelitumia hapo juu, litatufaa kama jina la jumla la vyote. Wapo watakaouliza kwa nini nisikazie "beking pauda", ambayo tayari inatamkika. Sina ugomvi nayo mdomoni. Ila kwenye maandishi ya mapishi, mtu aliyeelewa kwamba kitu hiki huumua ataelewa pia kwa nini asikitie mara mbili katika unga wa Henry Jones, ambao umeshatiwa.

Kuna sababu nyingine ya kuwa makini na kipimo, na hii haimo katika mapishi ya kigeni wala ya pwani. Kitengela iko mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi, na mapovu ndani ya unga hupanuka haraka kuliko yanavyopanuka Mombasa. Kijiko cha soda kinachotosha Likoni, Kitengela huupandisha mkate hadi umwagike, kisha unazama katikati kama kaburi la zamani. Yule mama aligundua hili kwa kupima siku baada ya siku, bila kusoma popote, na akapunguza kijiko kwa robo.

Kwa wale watakaouliza vipimo, na najua mtauliza, haya ni yake, kwa idhini yake. Ndizi tatu zilizoiva mpaka ganda limeingia weusi. Kisukari huwa tamu zaidi, na zikiwa ndogo tumia tano. Ziponde kwa uma. Tia nusu kikombe cha siagi iliyoyeyushwa, robo tatu ya kikombe cha sukari na mayai mawili, ukoroge. Katika bakuli jingine changanya vikombe viwili vya unga wa ngano wa kawaida, robo tatu ya kijiko cha chai cha soda ya kuokea, chumvi kidogo, na iliki ukipenda. Ongeza vijiko viwili vikubwa vya maziwa ya mala kwenye ndizi, ili soda ipate uchachu wa kutosha. Unganisha mabakuli mawili, ukoroge mara chache tu, maana ukikoroga sana unga wa ngano huvutika na mkate huwa mgumu. Mwisho tia nusu kikombe cha korosho au karanga zilizokaangwa na kupondwa, na vipande vya embe kavu au nanasi kavu kama unavyo. Mimina katika sufuria iliyopakwa mafuta na uweke motoni mara moja, bila kungoja, kwa sababu soda imeshaanza kazi. Palia makaa, machache chini na mengi juu. Baada ya kama saa nzima chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, umeiva. Uache upoe kabla ya kuukata.